Mjadala: Ni mpira ulioharibu kibodi za ofisini, au ni ubahili wa wanunuzi?

MTOA MADA: Wakuu, ukigusia kibodi nzuri tu, wapenzi wa vifaa vya zamani wanakuja na wimbo ule ule: Model M, kibodi ya kampuni ya IBM ya mwaka 1985, springi chini ya kila kitufe, halafu kibodi zenye vikombe vya mpira badala ya springi zikaingia ofisini miaka ya 1990 na kila kitu kikaharibika. Napinga. Kilichoharibu ni kununua kwa kuangalia bei peke yake, na ofisi za umma bado zinanunua hivyo hivyo.

Ifungue kibodi ya mpira uone. Kuna karatasi tatu za plastiki: ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme, ya kati ina matundu. Juu yake vimepangwa vikombe vidogo vya mpira vilivyofudikizwa. Ukibonyeza, kikombe kinabonyea, karatasi ya juu inagusa ya chini kupitia tundu, herufi inatokea. Ubaya uko wapi hapo? Lexmark, kampuni iliyotoka ubavuni mwa IBM mwaka 1991, ilitoa hata Model M ya mpira kwa wasiotaka kelele. Kampuni ya Key Tronic ya Spokane, Marekani, ilipanga ugumu wa vitufe kufuata nguvu ya vidole: gramu 35 kwa kidole cha mwisho, zikipanda hadi 80. Na kibodi za Realforce za kampuni ya Topre, Japani, zina mpira hadi leo, na bei yake inawatoa watu jasho.

FUNDI: Mkuu, Topre usiitie kapu moja na hizi za kawaida. Pale hakuna vitu viwili vinavyogusana. Chini ya mpira kuna springi ndogo ya umbo la koni, na saketi inapima chaji inavyobadilika springi ikibanwa. Ndiyo maana ni ghali.

Kwa hizi za kawaida nakuunga mkono nusu. Mezani kwangu ugonjwa ni mmoja: chai imemwagika, ikapenya kati ya karatasi, ikala njia za umeme. Mstari mzima wa vitufe umekufa. Ukitaka kufungua, gamba limeshikwa na vibano vya plastiki vinavyovunjika ukivigusa. Lakini hata Model M tusiisifu kupita kiasi. Bamba la chuma lililo chini ya vitufe vyake limeshikiliwa na vishikizo vya plastiki, navyo vinakatika kwa uzee.

KARANI: Mimi nachapa kutwa. Nyie mnaotamani springi, mmewahi kukaa chumba kimoja na watu sita wanaochapa kwa springi na simu inalia? Mpira ulituletea utulivu. Pia bei ndogo ndiyo iliyozifikisha kompyuta kwenye shule ambazo zisingeziona.

Kinachonikera ni mengine. Herufi zimechapwa juu juu kwa wino, na kwa Kiswahili chetu A ndiyo inayofutika kwanza. Halafu mtumba kutoka Ujerumani: Y imekaa mahali pa Z. Barua nzima "ya" inakuwa "za", na bosi anadhani hujui kuandika.

MTOA MADA: Fundi, hilo la Topre nalikubali, ni jamaa wa mbali. Ila mnachokisema wote wawili ndicho ninachokipigania: vibano, wino, mpangilio wa herufi. Hakuna hata kimoja kinachotokana na mpira. Dada Karani, bei ndogo siipingi, napinga bei kuwa sharti pekee.

Napendekeza zabuni ya ofisi ya umma idai gamba la skrubu ili fundi aweze kufungua, na herufi zilizopenya ndani ya plastiki. Na kabla ya mkataba kusainiwa, kibodi ya mfano ikae kwa karani aichapie ripoti nzima, neno lake lihesabike. Najua watu wa manunuzi watasema hilo la mwisho linachelewesha. Waje watueleze linachelewesha nini.