Browns wana makwotabeki wanne: nani aanze dhidi ya Bengals?

Mleta mada: Wakuu mnaofuatilia NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, hasa mlioko Ohio, njooni tujadili. Agosti hii ya 2025 kambi ya Cleveland Browns imepamba moto, na kocha Kevin Stefanski bado hajatangaza kwotabeki yupi, yaani mrusha pasi mkuu wa timu, ataanza Septemba 7 dhidi ya Cincinnati Bengals. Yupo Joe Flacco, miaka 40. Yupo Kenny Pickett, aliyekuwa msaidizi wa Jalen Hurts kule Eagles. Halafu makinda wawili wa drafti ya mwaka huu, ule mpango wa timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu: Dillon Gabriel, chaguo la 94, na Shedeur Sanders, chaguo la 144. Kwotabeki wa tano, Deshaun Watson wa mkataba wa dola milioni 230, bado anauguza kano ya kisigino, msiniulize zaidi, nina presha.

Mimi nasema hivi: watu wanne si ushindani, ni kupoteza muda. Nafasi hii ni kama ya kipa, anacheza mmoja. Mazoezi na kikosi cha kwanza yana saa zake, na kila pasi anayopewa mmoja, watatu wameikosa. Kwotabeki lazima azoeane na mpokeaji wake mpaka arushe mpira kabla mwenzake hajageuka. Ukigawa hiyo nafasi kwa wanne, Septemba inafika hakuna aliyezoeana na yeyote. Stefanski abakize wawili, na mmoja wao awe kinda.

Mchangiaji 1: Mkuu, humu watu mnasahau haraka. Novemba 2023 Flacco alitoka nyumbani, hana timu, akaanza mechi 5 za msimu wa kawaida na kushinda 4. Wakaingia mchujo. Hakuhitaji kambi yoyote. Mzee apewe mpira, makinda wakae wajifunze.

Mleta mada: Na kule Houston kwenye mchujo je? 45-14, pasi zake mbili zikanaswa na kurudishwa moja kwa moja kuwa pointi. Simchukii mzee, ni bingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa na Ravens. Ila timu iliyomaliza 3-14 msimu uliopita inatafuta nini kwa mtu wa miaka 40? Ushindi wa sita?

Mchangiaji 2: Mbona mnazunguka mbuyu? Semeni Shedeur anaonewa. Ijumaa ya Agosti 8 kule Carolina alipewa mechi, akakamilisha pasi 14 kati ya 23, yadi 138, tachidauni mbili (pasi za kufunga pointi), zote kwa Kaden Davis. Browns wakashinda 30-10. Na kwenye orodha ya kocha jamaa ni wa nne! Angekuwa si mtoto wa Deion Sanders, yule nyota wa zamani wa NFL, tungeshaimba jina lake.

Mchangiaji 3: Kaka, angekuwa si mtoto wa Deion usingemjua kabisa chaguo la 144. Tuongee mpira. Ile ni mechi ya kujipima nguvu, sehemu kubwa inachezwa na watu wanaotafuta ajira. Tena alianza kwa sababu Pickett na Gabriel wote walikuwa wanauguza msuli wa nyuma ya paja. Shida ya Shedeur inajulikana tangu chuo kikuu cha Colorado: anakaa na mpira. Misimu miwili aliangushwa mpira ukiwa mkononi mara 94. Kambini hutaona hilo, kwa sababu kwotabeki anavaa jezi ya rangi ya peke yake na hairuhusiwi kumgusa. Anasubiri, anasubiri, anarusha, mnapiga makofi. Siku ya mechi yule beki hasimami pembeni yake kwa adabu.

Mchangiaji 2: Sasa atajifunza vipi kurusha haraka kama kikosi cha kwanza hapewi?

Mleta mada: Hapo umenisaidia, mkuu. Na hoja ya Mchangiaji 3 ni ya kweli, nimerudia ile mechi, kuna pasi alizichelewesha. Ila linganisheni na Seattle 2012. Walimsajili kwotabeki Matt Flynn kwa hela nzuri, halafu wakamchagua Russell Wilson raundi ya 3, mfupi, hakuna aliyemtarajia. Kocha wao Pete Carroll alimpa Wilson mazoezi ya kweli na mechi ya kweli ya kujipima, akaona, akaamua kabla Agosti haijaisha. Msimu ule walishinda mechi 11.

Browns wana machaguo mawili ya raundi ya kwanza kwenye drafti ya 2026, moja wamelipata kwa Jacksonville. Flacco akicheza msimu mzima, Aprili watachagua kwotabeki mwingine bila kujua kama Gabriel au Shedeur anafaa.

Mchangiaji 3: Kwa hiyo Gabriel. Kachaguliwa mapema, anatoa mpira haraka.

Mchangiaji 1: Urefu wa Gabriel mmeuangalia lakini? Myles Garrett, yule beki wetu mkubwa, akisimama mbele yake mazoezini, sijui anamwona nani kule nyuma.

Mchangiaji 3: Wilson wa mleta mada alikuwa na urefu gani?

Mchangiaji 1: Wilson alikuwa na Marshawn Lynch. Browns wana nani wa kukimbiza mpira? Jibuni hilo kwanza.