Neno moja la Kiingereza, maana mbili: mwanafunzi athibitishe vipi?

Mwalimu_Eastlands
Walimu hamjambo. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wakiulizwa utata wa neno, wanafungua kamusi ya simu na kunakili kila maana wanayoikuta. Tuko kwenye Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare, sehemu ya 3, onyesho la 1, pale Mercutio, rafiki wa Romeo aliyechomwa upanga, anaposema wakimuulizia kesho watamkuta "a grave man". Maana ipi inahesabika na ipi inakatwa?

Mhakiki_Ngara
Kamusi iwekwe kando kwanza, wabadilishe neno. Weka "serious" (makini): sentensi inasimama, ila kifo hakimo tena. Weka "buried" (aliyezikwa): kifo kimerudi, mzaha umekwisha. Mercutio ni mcheshi tangu mwanzo, na hapa anavuja damu. Mstari unamtaka awe mtu makini na mtu wa kaburini kwa mpigo mmoja. Neno likibadilika bila chochote kupotea, hapo hamna utata, hata kamusi ikiorodhesha maana ishirini.

Kisha kila maana idaiwe ushahidi wa dondoo. Kaburi linashikiliwa na jeraha na lile "kesho". Umakini unashikiliwa na tabia yake ya utani. Maana isiyo na ushahidi, piga mstari.

Bi_Kamusi
Onyesho hilohilo lina mtego, Mwalimu. Benvolio akimsimulia Mtawala yaliyotokea, anasema Romeo alimsihi Tybalt, yule aliyemchoma Mercutio, afikirie "how nice the quarrel was". Watakimbilia kuandika kinaya: ugomvi mtamu! Wakati ule "nice" iliweza kumaanisha jambo dogo lisilo na uzito, na hiyo ndiyo inayofanya kazi pale, maana Romeo alikuwa akiomba amani. Maana ya "kupendeza" ilizoeleka baadaye. Kwa hiyo maana ni moja tu, imezeeka.

Kamusi ya simu haitawaonya. Watafute toleo lenye maelezo chini ya ukurasa. Hata inama bookshop za mjini, wale wanaotandaza vitabu chini barabarani, matoleo hayo hayakosi. Yale yenye Kiingereza cha leo ukurasa wa pili nayaogopa: mfasiri ameshachagua maana moja na kuitupa nyingine.

Halafu, "grave" si polisemia, yaani neno moja lenye maana nyingi zinazohusiana. La kaburi ni la Kiingereza cha kale, la umakini limetoka Kilatini kupitia Kifaransa. Ni homonimu, yaani maneno mawili tofauti yaliyofanana umbo, ndiyo maana kamusi nzuri huyapa vidahizo viwili, kila moja na ingizo lake.

Chaki_Nyeupe
Mhakiki, kubadilisha neno hakufui dafu pale utata ulipo masikioni. Katika tamthilia ya Hamlet, mfalme Claudius, baba wa kambo wa Hamlet, anamuuliza mbona mawingu bado yamemtanda. Anajibiwa kwamba amezidi kuwa kwenye "sun". Kwenye karatasi ni jua tu. Ukisoma kwa sauti unasikia "son" (mwana), na Claudius ametoka kumwita Hamlet mwanawe punde tu. Darasa linalosoma kimyakimya halitalipata. Wapeni wanafunzi wawili wasome mistari hiyo wakiwa wamesimama.

Na muwe waangalifu na "nunnery" (nyumba ya watawa) ambayo Hamlet anamwambia Ophelia, msichana aliyempenda, aende. Wapo wanaoisoma kama danguro, kwa kuwa neno lilitumiwa hivyo kwa kejeli enzi hizo. Lakini Hamlet anaendelea kumuuliza kwa nini azae wenye dhambi, jambo linaloelekea nyumba ya watawa. Mimi ningeipa maana hiyo alama kamili, danguro liandikwe kama uwezekano.

Mwalimu_Eastlands
Nimewapata. Na soneti je, yale mashairi ya mistari kumi na minne ya Shakespeare, ambako hakuna tukio la kushika?

Mhakiki_Ngara
Shika uchapaji. Soneti ya 135 inacheza na "will": hamu, nia, na ufupisho wa William. Chapa ya 1609 iliandika mengi ya hayo kwa herufi kubwa na maandishi ya mlazo, ndipo jina linapojitokeza. Matoleo mengi ya kisasa yameondoa mlazo, kwa hiyo waonyeshe picha ya ukurasa wa zamani kabla hawajaanza kuhesabu maana.