Njia "imefungwa" kwenye ramani, matairi yanapita kila wikiendi. Huku ni kufunga gani?

Wakuu, suala la pikipiki na magari ya porini kwenye misitu ya taifa ya Marekani linakera, na lawama ziende pande zote mbili: wasimamizi wa misitu na madereva.

Sheria ipo siku nyingi. Amri ya Rais Nixon namba 11644 ya 1972 ilitaka njia zipangwe ili udongo, vyanzo vya maji, mimea na wanyama visiumie ovyo. Rais Carter akakaza 1977 kwa amri namba 11989: panapoharibika sana pafungwe mara moja mpaka madhara yaondoke. Kanuni ya 2005 ikataka kila msitu utoe ramani ya njia za vyombo vya moto, na isiyokuwemo haipitwi. Ramani ni bure. "Sikujua" inatoka wapi?

Sasa tazama huko kufunga kwenyewe. Kibao kimoja, labda na geti lenye uwazi pembeni unaopitisha pikipiki ya magurudumu manne bila shida. Nyuma ya kibao njia iko vilevile, imeshindiliwa, inaita. Hapo hamjafunga kitu! Njia inachimbuliwa kwa meno ya ekskaveta, sentimita 30 hadi 60, maana udongo ulioshindiliwa haupitishi mizizi wala maji. Makalavati yang'olewe, kingo za kijito zirudishiwe mteremko. Kisha magogo na mawe makubwa kuanzia njia panda mpaka jicho linapoishia, yazikwe nusu, la sivyo watu watayavuta kwa wichi, ile mashine ya kuvutia kwa waya inayofungwa kwenye gari. Juu yake mbegu za nyasi za hapohapo.

Na nyie madereva! Ukikuta dimbwi unalizunguka, anayefuata anazunguka mzunguko wako, na njia ya gari moja inageuka uwanja wa tope. Pita katikati polepole, au geuza. Tairi likizunguka bila kwenda linakata yale matuta ya mshazari yanayotoa maji njiani. Tuta likishakatika, mvua inafuata mfereji wa tairi hadi kijitoni, na tope laini linajaza nafasi kati ya kokoto ambamo samaki kama samoni na trauti wametaga. Maji yenye oksijeni hayapiti tena, mayai yanakufa. Wichi nayo: waya mtupu ukifungwa kwenye mti unachuna gome, na chakula cha mti kinasafiri chini ya gome hilo. Tumieni mkanda mpana.

Kuna wanaosema "tusipotoka njiani hatudhuru mtu." Si kweli. Utafiti wa msitu wa majaribio wa Starkey, jimbo la Oregon, ulionyesha elki (kulungu wakubwa wa huko) wanazikwepa njia zenye vyombo vya moto. Kwa hiyo vichochoro vingi vifupi vinaukata msitu vipande ambavyo mnyama hapati pa kutulia. Dereva anataka kilomita, elki anataka eneo kubwa lisilosumbuliwa. Mzunguko mmoja mrefu, uliojengwa kwenye udongo mgumu mbali na vijito, unawapa wote. Nashindwa kuelewa kwa nini wapangaji wanaendelea kuhalalisha vichochoro vilivyozuka vyenyewe.

Mwenye picha za njia iliyofungwa ambayo bado inapitika aziweke hapa, pamoja na tarehe na namba ya njia. Zipelekwe kwa maandishi ofisi ya wilaya ya msitu husika, amri ya 1977 ikitajwa kwa namba, na jibu lidaiwe kwa maandishi.