MRI ya mgongo: Kisumu, Eldoret au Nakuru? Naomba mnisaidie kulinganisha

BabaTabitha (Kondele, Kisumu)

Salaam wadau. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya binafsi. Ana maumivu ya kiuno yanayoshuka kwenye tako la kushoto, nyuma ya paja, hadi kidole gumba cha mguu. Yalianza likizo ya Agosti na dawa zimetuliza kidogo tu. Eksirei tumepiga, mifupa iko sawa. Sasa daktari wa mifupa ametuandikia MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) ya mgongo wa chini na kutuambia tutafute wenyewe pa kuifanyia.

Nimepiga simu huku na huku. Kituo kimoja cha picha hapa mjini wanasema elfu 18. Hospitali moja ya binafsi, elfu 26. Shemeji yangu wa Nakuru amepata ya elfu 15 huko na anasema tulale kwake. Jirani naye anasema twende hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, kwa kuwa ni ya umma. Kwetu sisi tofauti ya elfu 11 kati ya bei ya juu na ya chini ni karo ya mtoto, kwa hivyo sitaki kukurupuka. Nani amepitia njia hii?

MamaNjoro (Nakuru)

Pole sana kwa mama mwalimu. Mimi nilikwenda kwa bei ya chini hapa Nakuru, kituo sitakitaja. Picha nilipigwa siku hiyohiyo, na wahudumu walikuwa na heshima. Shida ilikuwa ripoti. Ilichelewa sana, na ilipotoka ilikuwa mistari mitatu: diski ya L4/L5 (ule mto ulio kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno) imetuna kidogo, basi. Haikusema ni upande gani, wala kama kuna neva inayobanwa. Daktari wa upasuaji aliisoma, akaiweka kando, akaomba CD ili ajionee mwenyewe. CD haikuwa kwenye ile bei. Nilipewa filamu mbili zenye picha ndogondogo, na kwa CD nikatakiwa kulipa tena.

Baba Tabitha, kabla hujatuma M-Pesa kwa mtu yeyote, uliza: ripoti inaandikwa na nani, inatoka lini, na CD imo au haimo.

DerevaWaKericho

Kisumu hadi Nakuru ni karibu kilomita 180. Mtu mwenye mguu unaowaka kama huo kukaa kwenye matatu mwendo wote huo, halafu arudi tena, ni kumtesa. Nimebeba wagonjwa wa mgongo, najua wanavyoshuka garini. Eldoret kupitia Kapsabet ni kama 120, afadhali, ila pia si mchezo. Kama lazima msafiri, kaeni viti vya mbele na mwombe dereva msimame Kericho anyooshe miguu. Hiyo elfu tatu mtakayookoa kwa kwenda Nakuru itaishia kwa nauli ya watu wawili na chakula.

Radiografa_Vihiga

Nafanya kazi ya kupiga picha hizi, kwa hivyo niruhusuni niseme kwa urefu.

Bei ulizopewa huenda si za kitu kimoja. Uliza kwanza nguvu ya sumaku, inayopimwa kwa Tesla. Hospitali nyingi kubwa zina mashine za 1.5, chache zina 3. Kuna pia zile zilizo wazi pembeni, ambazo nyingi zina nguvu ndogo, 0.2 hadi 0.4 hivi. Hizo zinamfaa mtu mwenye mwili mkubwa sana au anayeogopa kufungiwa, lakini picha huchukua muda zaidi na hazitoki na ukali uleule. Kwa diski inayobana neva, 1.5 inatosha kabisa. Msiongeze pesa kwa sababu tu mmeambiwa kuna mashine ya 3.

Pili, ulizeni kama ndani ya ile elfu 26 kuna sindano ya gadolini, dawa ya kung'arisha picha. Mtu ambaye hajawahi kupasuliwa mgongo, na hashukiwi uvimbe wala maambukizi, kwa kawaida haihitaji. Inasaidia sana kwa aliyepasuliwa, kutofautisha kovu na diski iliyochomoka upya. Na kabla ya kuidunga, mwenye shida ya figo hupimwa damu kwanza.

Tatu, na hili watu wengi hawalijui: ubora wa ripoti huanzia kwenye ile karatasi ya daktari. Fomu ikiandikwa "maumivu ya mgongo" tu, msomaji ataorodhesha kila kitu anachokiona, kuanzia diski ya juu hadi ya chini. Ikiandikwa "maumivu ya mguu wa kushoto hadi kidole gumba, neva ya L5 inashukiwa", ataifuata neva hiyo, inayotoka chini ya pingili ya tano ya kiuno, hatua kwa hatua. Rudini kwa daktari aongeze maneno hayo. Ripoti isainiwe na daktari bingwa wa radiolojia. Siku hizi mashine inaweza kuwa Kisumu na msomaji akawa Nairobi, picha zikitumwa kwa intaneti. Hilo si kasoro, mradi amepewa historia ya mgonjwa.

Siku yenyewe atalala chali kama nusu saa bila kusogea. Aombe mto chini ya magoti, mgongo utapumzika, na anywe dawa yake ya maumivu mapema kwa sababu akijitikisa picha huharibika. Kelele ni kubwa, atapewa viziba masikio na kitufe cha kuita. Vibanio vya nywele, wigi lenye klipu, sidiria yenye waya, simu na kadi ya benki vibaki nje. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo au anayedhani ana mimba aseme kabla hajaingia. Mionzi hakuna, tofauti na eksirei au CT.

Fizio_Kakamega

Nakubaliana na radiografa, ila swali langu linatangulia bei: majibu ya picha yatabadilisha nini katika matibabu?

Mwaka 2015 ulichapishwa Marekani uchambuzi wa tafiti 33 za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kwa watu wa miaka 20, asilimia 37 tayari walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa, na asilimia 30 walikuwa na diski iliyotuna. Kwa wa miaka 80 ilikuwa 96 na 84. Hawa ni watu wazima wasiolalamika. Ndiyo maana naumia nikiona mwendesha boda boda wa miaka 30 ameuza mbuzi alipie MRI ya mgongo ulioanza kuuma juzi, halafu anasoma neno "kuchakaa" na kuacha kazi kwa hofu. Maumivu mengi ya kiuno hutulia ndani ya wiki sita kwa dawa, kutembea na mazoezi, na hata diski nyingi zilizochomoka hunywea zenyewe.

Mama mwalimu ameshapita hapo, na maumivu yake yanafuata njia ya neva, kwa hivyo daktari ana sababu ya kuomba picha. Lakini naomba mfanye jambo moja sasa hivi. Avue viatu, asimame kwa visigino, atembee hatua chache hapo sebuleni. Ncha za miguu yote miwili zinabaki juu?

Na wengine mnaosoma: mkojo ukigoma au kutoka wenyewe, choo vilevile, sehemu za siri na katikati ya mapaja zikifa ganzi, au miguu yote miwili ikilegea, usitafute bei. Nenda kwa dharura usiku huohuo. Homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, au kama umewahi kuugua saratani, daktari akuone haraka. TB ya mgongo ipo huku kwetu, na huanza taratibu kama maumivu ya kawaida.

BabaTabitha

Amejaribu. Mguu wa kulia unabaki juu. Wa kushoto unainuka, lakini baada ya hatua tatu nne kidole gumba kinateremka na hawezi kukirudisha. Hakuwa amelitambua hilo. Mkojo na choo viko sawa, ganzi ya mapajani hakuna.

Fizio_Kakamega

Asante kwa kusema. Huo ni udhaifu wa neva, na unabadilisha hesabu. Mpigie daktari kesho asubuhi umweleze hivyohivyo, kwa sababu alipomwona huenda haukuwepo. Nakuru iondoe. Chagua mashine ya 1.5 iliyo karibu, inayotoa ripoti ndani ya siku moja au mbili. Ukianza kuona anaburuta mguu, nenda hospitali bila kungoja miadi.

WakalaWaBima (Kisumu)

Kuhusu pesa: kama mwajiri anamkata mama ile asilimia 2.75 ya SHA (bima ya afya ya serikali) kila mwezi, usilipe taslimu kabla ya kuuliza. MRI huhitaji idhini kabla ya kupigwa, na ni hospitali yenyewe inayoiomba, tena iwe na mkataba na SHA kwa huduma hiyo. Uliza kama kuna nyongeza utakayotoa mfukoni. Ukishalipa mwenyewe, kurudishiwa ni vigumu. Wenye kazi zao wenyewe, kumbukeni mchango wenu hulipwa wa mwaka mzima. Na Moi, kama hospitali yoyote ya rufaa, piga simu upangiwe tarehe kabla ya kupanda gari.

BabaTabitha

Nimerudi na majibu. Daktari ameandika fomu upya, ameweka L5 na udhaifu wa mguu, na amesogeza miadi yetu hadi Ijumaa. Kituo cha elfu 18: mashine ni 1.5, CD imo, ripoti ya bingwa kesho yake jioni. Ile ya elfu 26 kweli ilikuwa na sindano ndani, na wakiitoa wanashuka hadi elfu 20. Ya Nakuru ni ile ya wazi, 0.3. SHA, kituo hakina mkataba wa MRI, na hospitali inasema idhini inaweza kupita Ijumaa, kwa hivyo tumelipa elfu 18. Anaingia kesho saa mbili asubuhi.

JuaKali_Bungoma

Samahani kuingilia. Mimi ni fundi wa kuchomelea milango, nami nimeandikiwa MRI ya mgongo wiki ijayo. Vipande vya chuma vimewahi kuniruka machoni, kimoja kilitolewa hospitalini zamani. Ni lazima niseme?

Radiografa_Vihiga

Ni lazima, fundi, hata wasipokuuliza. Kipande kidogo kilichobaki kinaweza kuvutwa na sumaku na kujeruhi jicho. Utapigwa eksirei ya macho kwanza. Piga simu leo uwaambie, ili waipange kabla ya siku yako.