Nguvu za daiaframu kwenye daraja la mshazari: niziamini?

Swali
Wakuu, habari za usiku. Niko Lindi, nakagua hesabu za daraja dogo kwenye kijito kinachoingia mto Lukuledi: boriti 5 za chuma za umbo la I, urefu mita 24, mshazari nyuzi 45 (mstari wa egemeo umeinama, si mraba na boriti). Nimeliingiza kwenye programu kama gridi bapa (boriti ni mistari tu kwenye ngazi moja). Daiaframu zote (viungo vya kukatiza vinavyofunga boriti moja na nyingine) zinatoa nguvu ndogo mno, hata zile za karibu na pembe butu (kona za daraja zinazozidi nyuzi 90). Moyo unakataa. Malori ya korosho yatapita hapa, siwezi kusaini hivi hivi.

Jibu
Moyo wako uko sahihi, mkuu. Gridi ya kawaida inahesabu msokoto kwa J ya Saint-Venant (kipimo cha ugumu wa umbo la boriti dhidi ya kusokotwa) peke yake, na kwa boriti ya I hiyo ni ndogo sana. Upinzani mkubwa unatoka kwenye flenji (bamba za juu na chini za boriti) zinazopinda kwa ubavu. Boriti ikiwa laini kuliko uhalisia, daiaframu inakosa cha kushindana nacho. Soma ripoti namba 725 ya NCHRP, mpango wa utafiti wa barabara kuu wa Marekani (2012), inaeleza J mbadala.

Jibu
Daiaframu zimekaaje? Mshazari ukizidi nyuzi 20, AASHTO (kanuni za madaraja za Marekani) inataka zikutane na boriti kwa pembe mraba. Zikinyooka mstari mmoja kuelekea pembe butu, mzigo unakatiza hapo, njia fupi. Mimi huzipishanisha, na ya kwanza naisogeza mbali na egemeo.

Muuliza swali
Nimebadilisha J usiku huu huu. Nguvu ya daiaframu ya pili kutoka pembe butu imepanda karibu mara 4! Asanteni sana. Kesho najenga modeli ya 3D.