Springi ngumu au mafuta zaidi kwenye shokapu za mbele?

Swali: Ndugu zangu, nina kilo 92, na kila ninapotua na pikipiki yangu ya motokrosi baada ya kuruka vilima vya uwanja wa mashindano wa Busika, Uganda, shokapu za mbele hugonga mwisho kwa kishindo kinachofika mabegani. Je, niongeze mafuta au ninunue springi ngumu zaidi?

Jibu la 1: Pima kwanza, ndugu. Vaa mavazi yote ya mashindano, panda pikipiki, kisha mwenzako apime shokapu zimezama kiasi gani. Zikipita milimita 75 hivi, springi ni laini kwako, na mafuta hayatakusaidia.

Jibu la 2: Naunga mkono. Mafuta yakiongezwa, hewa iliyo juu yake hupungua na kubanwa zaidi, kwa hiyo ugumu huongezeka hasa shokapu inapokaribia mwisho. Kiwango cha mafuta hupimwa springi ikiwa imetolewa na shokapu imebanwa yote, kuanzia ukingo wa juu hadi usoni mwa mafuta. Badilisha milimita 5 tu kwa mara moja. Mimi nilijaza kwa pupa, sili (mipira inayozuia mafuta yasitoke) zikavuja siku hiyohiyo.

Muulizaji: Nimepima, ni milimita 88. Basi natafuta springi.