Msaada wakuu: aina za spektroskopia nazigawaje?

Mchanga_Kemia:
Habari wakuu. Natakiwa kueleza spektroskopia ni nini na kuzigawa aina zake. Kitabu kimoja kinaanza na infraredi na urujuanimno, kingine na ufyonzaji na utoaji, cha tatu kinatenganisha atomi na molekuli. Nishike kipi?

Prizimu:
Mkuu, vyote viko sahihi, ila kila kimoja kinajibu swali lake. Spektroskopia ni uchunguzi wa namna maada inavyofyonza, kutoa au kutawanya mnururisho (mwanga na mawimbi ya jamii yake, kama redio na eksirei) kulingana na urefu wa wimbi. Kwa hiyo uliza: mnururisho upi? Maada inaufanya nini? Inayochunguzwa ni atomi au molekuli?

Chukua sodiamu. Ukinyunyiza chumvi kwenye mwali wa moto, unang'aa njano, karibu nanomita 589. Huo ni utoaji. Sasa, Fraunhofer, mwanafizikia Mjerumani, alichunguza mwanga wa jua mwaka 1814 akakuta mistari mingi myeusi, na miwili kati yake ipo palepale kwenye 589! Huo ni ufyonzaji: sodiamu iliyo kwenye angahewa la jua inaumeza mwanga huo kabla haujatufikia. Kirchhoff, mwanafizikia mwingine Mjerumani, akaja kulieleza jambo hilo mwaka 1859. Elementi ileile, urefu wa wimbi uleule, aina mbili.

Mawimbi_Marefu:
Upande wa nishati, yaani lile swali la mnururisho upi, usikariri, fuata kinachotokea. Mawimbi ya redio, sampuli ikiwa ndani ya sumaku kali, hugeuza spini (usumaku mdogo) za viini vya atomi. Mikrowevu huzungusha molekuli, infraredi hutikisa vifungo, mwanga unaoonekana na urujuanimno hupandisha elektroni za nje, eksirei hufika hadi za ndani. Jedwali utalichora mwenyewe.

Mchanga_Kemia:
Asanteni sana. Na Raman? Naona inatumia leza ya kijani, lakini wanaiweka jirani na infraredi. Spektrometria ya masi je?

Prizimu:
Raman ni mtawanyiko. Sehemu ndogo mno ya mwanga hutoka ikiwa na nishati pungufu au zaidi ya ile iliyoingia nayo, na tofauti hiyo ndiyo inayokupa mtikisiko wa molekuli. Infraredi nayo husoma mitikisiko, ila kwa kufyonzwa. Ya masi usiiingize kabisa: inapima uwiano wa masi na chaji ya ioni, si mnururisho.

Mawimbi_Marefu:
Kwenye infraredi toa mfano wa kifungo maradufu cha kaboni na oksijeni, karibu 1700 cm⁻¹ (yaani mawimbi 1700 katika kila sentimita). Mstari wake ni mkali, hata anayeanza huuona.